Zungusha Kwanza: Tuliyojifunza kwa Kufundisha Kazi ya Kioo Kwenye Mwali

Kijiti cha kioo kikipasuka ndani ya mwali, hutoa mlio mkali na vipande vyake hutawanyika mezani. Mwanagenzi huruka nyuma, akadhani ameharibu kifaa. Hajaharibu kitu. Ameingiza kijiti baridi motoni kwa pupa. Ngozi ya nje imepata joto ikataka kutanuka, moyo wa kijiti bado u baridi, na ngozi hiyo ikauvuta. Kioo hustahimili sana kubanwa, lakini kikivutwa huachana upesi. Dawa yake ni kukiingiza kijiti kwenye ncha ya mbali kabisa ya mwali, sentimita moja tu ya mwisho wake, huku ukikizungusha na kukitoa na kukirudisha kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, ndipo ukisogeze karibu. Baada ya miaka ya kufundisha, somo hili tunaliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu karibu kila kosa litakalofuata lina asili hiyo hiyo: sehemu moja ya kioo imepata joto ambalo jirani yake hajalipata.

Katika kazi hii kioo hakichotwi kutoka kwenye chungu kikubwa cha kioo kilichoyeyuka. Mtu huketi mezani, mwali uko mbele yake, kijiti kiko mkononi. Zamani mwali ulitoka kwenye taa ya mafuta iliyopulizwa kwa mivukuto ya mguu. Katika kisiwa cha Murano, ambako Venisi iliamuru matanuri yake ya kioo yahamishiwe mwaka 1291, shanga za mwali zikawa ufundi wenye heshima yake. Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf walitumia ufundi wa aina hii kuunda mimea ya kioo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard. Walianza kazi hiyo mwaka 1887. Baba akafariki, na mwana akaendelea hadi 1936. Tunawaonyesha wanagenzi picha za maua hayo si kwa kuwatisha, bali waone kwamba petali nyembamba na ushanga wa kwanza hutoka kwenye tendo lile lile la kuyeyusha, kungoja na kuvuta.

Kabla ya kuwasha chochote, mtu ajue ana kioo gani mkononi. Kioo laini, cha soda na chokaa, kile cha mtindo wa Murano, huandikwa namba 104 kwenye pakiti. Namba hiyo ni kipimo cha kutanuka: kijiti cha mita moja kikiongezewa nyuzijoto 100 hurefuka kwa milimita moja na ushei. Kioo kigumu, yaani borosilikati, kile cha vyombo vya maabara, ni namba 33. Kwa joto hilo hilo hurefuka kwa theluthi moja tu ya milimita. Ukiviunganisha vitashikana vikiwa vya moto, na utafurahi. Vikipoa, kimoja kitasinyaa mara tatu ya mwenzake na ushanga utapasuka, pengine mezani, pengine wiki ya pili ukiwa shingoni mwa mtu. Kwa kuwa vijiti vya aina mbili vinaweza kufanana kabisa kwa macho, tunaviweka kwenye makopo tofauti, na kijiti kisicho na jina hakiingii kazini.

Kioo cha chupa kinafaa kwa mazoezi, mradi ushanga mmoja utoke kwenye chupa moja. Ni kigumu zaidi kuliko kioo cha 104, huganda upesi, na kipimo chake hakiandikwi popote. Kuna jaribio la zamani la kujua kama vioo viwili vinapatana, na bado hatujaona linalolishinda kwa urahisi wake. Yeyusha vipande viwili ubavu kwa ubavu, vishike, kisha uvivute pamoja viwe uzi mmoja mwembamba. Uzi ukipoa ukabaki umenyooka, vioo vinapatana. Ukijipinda kama upinde, upande wa ndani wa pinda ndio uliosinyaa zaidi, na viwili hivyo visikutane katika kazi yoyote.

Chumba nacho kina masharti. Mwali hulishwa na gesi ya propeni na oksijeni. Propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, hivyo mtungi haukai kwenye chumba cha chini ya ardhi wala karibu na mtaro. Viungo vya mipira hukaguliwa kwa povu la sabuni kila asubuhi. Mtungi wa oksijeni hufungwa kwa mnyororo usianguke, na vali yake haipakwi mafuta wala grisi hata tone, maana mafuta kwenye oksijeni yenye shinikizo huweza kulipuka. Kila mstari wa gesi uwe na vali ya kuzuia moto kurudi nyuma. Unapowasha, fungua propeni kwanza, uiwashe, kisha ongeza oksijeni taratibu. Unapozima, oksijeni hutangulia na propeni humalizia. Juu ya meza pawe na feni ya kunyonya hewa na kuitupa nje, na upande wa pili pawe na njia ya hewa safi kuingia, kwa sababu mwali hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Dirisha lililofunguliwa peke yake halitoshi. Nguo ziwe za pamba, nywele zifungwe, viatu vifunike mguu wote.

Miwani inahitaji neno lake. Kioo laini kikipata joto hutoa mwanga mkali wa njano unaotokana na sodiamu, na mwanga huo humficha mfanyaji kazi yake mwenyewe. Lenzi za didimiamu huukata mwanga huo, ukaona ukingo wa kioo ndani ya moto. Anayeuona mwali kwa mara ya kwanza kupitia lenzi hizo hushangaa jinsi unavyopauka, na kazi ikabaki peke yake mbele ya macho. Kwa borosilikati hazitoshi: joto lake ni kubwa zaidi na miale isiyoonekana hudhuru jicho, kwa hiyo huongezwa kivuli cha aina ya miwani ya kuchomelea.

Sasa darasa lenyewe. Siku ya kwanza hatuwashi moto kwa nusu saa nzima. Kila mtu hupewa kijiti na bakuli la asali nzito. Achovye, akinyanyue kilale sawasawa, na azungushe asali isidondoke. Akizungusha polepole, asali huning'inia upande mmoja. Akizungusha kwa kushtuka-shtuka, hujikusanya kama kibyongo. Akizungusha kwa mwendo mmoja, hukaa katikati. Kioo kilichoyeyuka hufanya vivyo hivyo, na asali haiunguzi. Mkono usioandikia ndio unaobeba ushanga: kiganja kinatazama chini, na kijiti kinabingirishwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kuandikia hushika kijiti cha kioo kama kalamu. Watu wengi wanaweza kuzungusha mkono mmoja vizuri hadi pale mkono wa pili unapoanza kazi, na hapo wa kwanza husimama bila wao kujua. Zoezi la asali hulifichua tatizo hilo mapema, na hatuoni haraka ya kuliacha.

Moto ukiwashwa, kazi ya kwanza ni kuvuta uzi wa kioo. Tunauchagua kwa makusudi kwa sababu unafundisha kungoja. Kusanya tone la kama milimita 10 kwenye ncha ya kijiti, ulizungushe hadi litikisike. Lishike na kijiti cha pili, utoke nje ya mwali, na uhesabu: moja, mbili, tatu. Katika hesabu hiyo ngozi ya tone huganda kidogo. Sasa vuta, pole mwanzoni, kisha haraka zaidi kadiri kinavyokuwa kigumu, halafu ushikilie uzi ukiwa umenyooka hadi uwe mgumu. Uzi mzuri una unene wa milimita moja hadi mbili, sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyevuta kabla ya kungoja hupata unywele unaoelea hewani. Aliyengoja mno hupata fimbo fupi nene. Kwa vijiti vitano tu, mtu hujifunza kwa mkono wake kile ambacho maelezo ya saa nzima hayampi: kioo kina kipindi kifupi kati ya umajimaji na ugumu, na kazi nzuri hufanyika ndani ya kipindi hicho, mara nyingi nje ya mwali.

Ushanga hujengwa juu ya mandreli, waya mnene wa chuma kisichoshika kutu. Unene wa milimita 2.4 unamfaa anayeanza, wa 1.6 hupinda kwa joto. Kioo hakitakiwi kugusa chuma, kwa hiyo sentimita nne au tano za ncha huchovywa kwenye ujiuji wa udongo maalumu wenye uzito wa maziwa yaliyoganda. Chovya wima, toa wima kwa mwendo mmoja, simamisha kwenye mchanga hadi ikauke kabisa. Tabaka jembamba mno huacha kioo kikamate chuma, ushanga usitoke tena. Tabaka nene huvunjika wakati wa kuzungusha, ukasikia mandreli inazunguka ndani ya ushanga uliosimama. Hilo likitokea usijaribu kuuokoa. Weka pembeni na uanze mwingine. Udongo wenye unyevu ndani hufura na kupasuka motoni, na mapovu yake hujitokeza kuzunguka tundu.

Kwa ushanga wa kwanza, rekebisha mwali uwe wa kati: vikoni vidogo vya buluu mdomoni mwa kichomeo viwe vikali, visiwe na mikia ya njano. Sehemu yenye moto mkali kuliko zote iko mbele kidogo tu ya vikoni hivyo, na si mahali pa kioo laini. Kazi yetu hufanyika sentimita saba hadi kumi mbele zaidi. Pasha mandreli hadi udongo uwake wekundu hafifu. Wakati huo huo pasha kijiti kwa njia ile ya tahadhari, kisha kikusanye tone. Shusha mandreli iwe chini kidogo ya mwali, tone libaki juu yake, moto ukipita katikati. Gusa, na uzungushe mandreli kuelekea mbele, mbali nawe. Usisukume kijiti. Mandreli ndiyo inayokivuta kioo. Duara likifunga, inua kijiti kidogo na uache mwali ukate uzi unaobaki.

Hapo mwanagenzi huona donge lililopinda na hukimbilia kibao cha grafaiti alibane. Tunamzuia. Alirudishe motoni na azungushe tu. Kioo laini hujivuta chenyewe kuwa duara kutokana na mvuto wa ngozi yake; kinachotakiwa ni joto lililo sawa na mkono usiosimama. Upande mmoja ukizidi uzito, usiushushe chini. Uinue juu, simama kidogo, uache ushuke wenyewe kuelekea upande mwembamba, kisha endelea kuzungusha. Kanuni hii ya kuutumia uzito wa kioo badala ya kupigana nao ndiyo tunayoirudia kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo inayomtenganisha mtu aliyeanza kuelewa na yule anayekariri hatua.

Kwenye ncha za ushanga ndipo ubora unapopimwa. Ushanga mzuri una ncha zilizobonyea kidogo kuingia tundu, kama tufaha lilivyo kwenye kikonyo. Ncha zenye makali zitakata uzi wa kuvalia na kuchana ngozi, na hata kioo chenyewe huanza kumeguka hapo. Sababu huwa moja: kioo kimetandazwa kwenye mandreli kwa upana mkubwa kuliko ujazo wake. Wengi hujaribu kuzisukuma ncha kwa kisu wakiziharibu zaidi. Suluhisho ni kuongeza kioo katikati, si kwenye ncha. Ujazo ukitosha, ushanga ukijivuta kuwa duara huzikunja ncha zake wenyewe. Kwa hiyo tangu mzingo wa kwanza amua upana, sema milimita 8, usiuongeze tena. Kinachobaki ni kupandisha unene.

Kuhusu rangi, usimpe mtu anayeanza kioo angavu kisicho na rangi. Kila vumbi na kila povu huonekana humo, akakata tamaa bure. Rangi ya pembe za ndovu hulainika upesi mno ikamtoroka mkononi. Nyekundu, machungwa na njano kali hugeuka kuwa nyeusi-nyeusi zikiwa moto na kurudi zikipoa, kwa hiyo humdanganya asijue alipo. Zikichomwa karibu na vikoni huchemka na kuwa na vitundu. Kijani kisichopitisha mwanga au buluu ya feruzi ni mwanzo mwema. Ila buluu ya feruzi ina shaba, na mwali wenye upungufu wa oksijeni huifunika kwa utando wa kijivu au wekundu wa chuma. Utando huo ukitokea ongeza oksijeni na usogee nje. Mara nyingi husafika. Feruzi ikikutana na rangi ya pembe huzuka mstari mweusi mpakani, kwa sababu kemikali za rangi hizo mbili hujibizana. Hilo si kosa, na wapo wanaoutafuta mstari huo kwa makusudi.

Tulichelewa kutambua kwamba maneno ya mwalimu yenyewe yanaweza kuharibu ushanga. Ukisema "joto zaidi", mtu huingia katikati ya moto. Sema umbali: "toka nje upana wa vidole vitatu." Na umfundishe atazame mwendo wa kioo, si mng'ao wake. Mng'ao hufichwa na lenzi na rangi, lakini tone linaloanza kutikisika haliwezi kuficha hali yake. Mwalimu akae upande wa mkono unaobeba mandreli, na asimnyang'anye mtu kazi ili amwokolee. Ushanga uliookolewa na mwalimu haumfundishi mwenye mkono. Wanagenzi wanne kwa mwalimu mmoja ni kikomo chetu. Wa tano hubaki bila jicho la kumwona akishika kijiti upande usiofaa.

Maana kioo cha moto kinafanana na kioo baridi. Chini ya nyuzijoto 500 hivi hakiwaki tena, na mtu hukiokota mezani kana kwamba ni kalamu. Kanuni ya meza yetu ni kwamba kila kijiti hulala kwenye kishikio, ncha iliyochomwa ikielekea mbele, na kinachoanguka hakiokotwi. Rudi nyuma, kiache, kiokote kwa koleo. Aliyeungua aweke mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asipake kitu kwanza.

Ushanga uliokamilika haujaisha. Ukiachwa hewani, ngozi huwa ngumu mapema na moyo husinyaa baadaye, mkazo ukafungiwa ndani. Toa ushanga kwenye mwali, uzungushe hewani hadi mng'ao uzime na ngozi isishike alama, kama sekunde tano hadi kumi kulingana na ukubwa, kisha moja kwa moja tanurini. Ukiingia mapema hunata na kubeba alama ya sakafu. Ukichelewa hupasuka katikati. Kwa kioo cha 104 tunashikilia nyuzijoto 510 kwa saa moja baada ya ushanga wa mwisho kuingia, halafu tunashusha nyuzijoto 60 kwa saa hadi 370, kisha tunazima na kuacha mlango umefungwa mpaka kesho. Borosilikati hushikiliwa kwenye 565. Kazi nene kuliko sentimita mbili huhitaji saa zaidi na mteremko wa polepole zaidi.

Wasio na tanuri hufukia shanga kwenye blanketi la nyuzi za kauri au kwenye chembe za madini ziitwazo vermikulaiti. Hizo hupunguza kasi ya kupoa ili ushanga ufike salama siku hiyo, haziondoi mkazo. Shanga hizo zinaweza kupelekwa tanurini baadaye, zikipashwa polepole kutoka baridi, na zinastahili kupelekwa kabla ya kupewa mtu.

Kutoa ushanga kwenye mandreli hufanyika majini. Loweka dakika kumi, shika chuma kwa koleo, zungusha ushanga kwa kitambaa. Tundu husafishwa kwa tupa nyembamba ya almasi, pia ndani ya maji, kwa sababu vumbi kavu la udongo ule na la kioo huharibu mapafu. Udongo mweupe ukibaki tunduni utachafua uzi na kuonekana kupitia kioo angavu.

Kisha uchunguze mkazo. Weka vichujio viwili vya kupolaraizi mwanga, vya aina inayotumika kwenye kamera, mbele ya taa, na ukizungushe kimoja hadi giza liingie. Weka ushanga angavu katikati yake. Ukibaki mweusi kila unapougeuza, mkazo umetoka. Ukionyesha msalaba wa mwanga au madoa yanayong'aa kuzunguka tundu, rudisha tanurini kwa mzunguko mzima. Shanga zisizopitisha mwanga haziwezi kupimwa hivi, ndiyo maana kando ya tanuri kuna daftari: tarehe, aina ya kioo, unene, joto lililoshikiliwa na saa lilipoanza kushuka.